Ua jekundu la duara, majani yanakauka, limekufa au limelala?

mama_wawili_kimara

Habari za saa hizi wadau wa maua, naombeni msaada maana nimebaki njia panda. Mwaka jana nilinunua kwa wauza miche wa pembeni ya barabara kitunguu cha lile ua jekundu la duara, lile ambalo mvua za kwanza zikipiga linatoa kijiti kimoja tu bila jani halafu juu yake linafunguka duara zima la vijiua vyembamba vyembamba, muuzaji aliniambia linaitwa lili ya moto, jina la kitaalamu nimekuja kulijua baadae kwa kupiga picha na simu, Scadoxus multiflorus. Nikalipanda kwenye chungu kikubwa hapo barazani. Masika ya mwaka huu, mwishoni mwa mwezi wa tatu, likatoa ua aisee, watu walikuwa wanasimama getini kuangalia, bibi wa nyumba ya pili akaja kupiga picha na wajukuu zake. Ua likakaa wiki na ushee likanyauka, majani yakatoka mapana ya kijani kibichi, nikawa nafurahi tu.

Sasa tangu mwezi wa saba uanze majani yanageuka njano moja baada ya jingine, yanalegea, yanalala pembeni ya chungu, na sa hivi Agosti hii yamebaki mawili na yenyewe ncha zimekauka. Kwenye kile kijiti cha ua kuna vitunda vilikuwa vya kijani muda wote, sasa vinaanza kuiva vinakuwa vyekundu. Wifi yangu anasema kitunguu kimeoza nikitupe nipande kitu kingine, mume wangu anasema limekosa maji niongeze. Mimi moyo unaniambia lipo hai maana nikiminya pale shingoni kwenye udongo naona pagumu.

Naomba kuuliza, nimwagilie au niache? Haya majani niyakate? Hivi vitunda vinaota? Na linaloniumiza kichwa zaidi, nina mtoto anatambaa na anaokota kila kitu anatia mdomoni, halafu mbuzi wa jirani hawaishi kuingia hapa kwangu, nimesikia hili ua lina sumu, ni kweli au maneno ya watu tu? Asanteni sana.

dogo_bustani

Pole sana dada. Hapo udongo umeisha nguvu, piga mbolea ya kukuzia na maji asubuhi na jioni, wiki mbili tu majani yanarudi.

tanga_milimani

Dada nakuomba usifanye hivyo, na samahani sana ndugu yangu hapo juu, najua nia yako ni njema, lakini ushauri huo ndio unaomaliza haya maua kila mwaka kati ya mwezi wa saba na wa tisa. Ua lako halijafa na wala haliumwi. Limelala.

Huu ndio mwendo wake tangu huko porini. Linaishi kwenye nchi zenye masika na kiangazi, chini ya miti, kwenye miamba, kando ya mito, hata juu ya vichuguu utalikuta. Mvua ikija linatoa ua kwanza, majani yanafuata au yanatoka pamoja na ua, yanakula jua miezi minne mitano, yanashusha chakula chote chini kwenye kitunguu, kisha yanakauka na kitunguu kinakaa kimya kusubiri mvua nyingine. Sasa hapo chini hakuna jani la kuvuta maji, mizizi imetulia, ukimwaga maji asubuhi na jioni maji yanakwenda wapi? Yanakaa kwenye udongo, kitunguu kinaloa, kinaanza kuoza kuanzia chini pale mizizi inapotokea, na wewe huku juu huoni chochote mpaka masika ije na ua lisitoke. Mbolea ndio mbaya zaidi wakati huu, chumvi zake zinabaki kwenye udongo zinachoma mizizi.

Umesema shingo ni ngumu, hiyo ndiyo dalili ninayoitaka. Kitunguu kizima kina uzito na ukikibonyeza hakibonyei. Kilichooza kinabonyea, kinatoa maji ya kahawia na harufu yake utaijua tu, huwezi kuikosea. Kama una wasiwasi sana fukua kidogo kwa kidole ubavuni mpaka ukione, usiking'oe.

Majani usiyakate yakiwa bado na kijani hata kama yanakukera macho. Ua la masika ijayo linategemea chakula ambacho hayo majani mawili bado yanakishusha. Acha yakauke yenyewe mpaka yawe makavu kabisa, ukiyavuta kidogo yanaachia bila kulazimisha, hapo ndio unaondoa. Pale chini ya majani utaona kama kishina kina madoadoa ya zambarau, hicho nacho kiache kikauke, kisiguswe kisu.

Maji punguza pole pole sasa hivi, majani yakiisha acha kabisa. Chungu kisogeze mahali ambapo mvua za rasharasha za Dar hazikifikii, chini ya paa panatosha, na pawe na hewa. Likiwa limepandwa ardhini halina shida sana, mvua ndogo za kiangazi haziliui kama maji hayatuami. Unyevu kidogo hauna neno, udongo wa kuloa ndio adui.

Kuamka litaamka lenyewe. Vuli ikianza, mwezi wa kumi hivi, lirudishe nje. Kwangu huku mengine yanachipua vuli na mengine yananyamaza mpaka masika, yakinyamaza siyasumbui. Utaona ncha nyekundu inapasua udongo, mwanzoni imefungwa na vijani vyekundu imesimama kama brashi ya rangi, siku chache baadae inafunguka. Ukiiona hiyo ncha ndio unaanza maji ya uhakika, na majani yakitoka ndio unaanza mbolea, samadi iliyoiva vizuri au mboji, na ukipata ya dukani chukua yenye potasiamu zaidi kuliko naitrojeni. Naitrojeni nyingi inakupa majani tu.

mama_wawili_kimara

Mungu akubariki tanga_milimani, nimesoma mara mbili na nimemsomea mume wangu. Chungu nimeshakihamishia chini ya paa. Kwa hiyo nisikitoe kitunguu nikakihifadhi ndani? Kuna mtu whatsapp kaniambia lazima kitolewe kifungwe kwenye gazeti.

tanga_milimani

Usikitoe dada. Hilo la gazeti wanafanya wa nchi za baridi kwa maua mengine, na hata wao hili wengi wanaliacha humo humo kwenye chungu. Mizizi yake ni minene yenye nyama, haipendi kuguswa.

kijani254

Wacha niingilie hapo hapo kwa mizizi. Niko Rongai, nje kidogo ya Nairobi. Yangu ilitoa maua msimu wa kwanza ikapendeza ajabu, tangu hapo ni majani tupu. Kila ikilala huwa naitoa kwa udongo, naweka store, halafu Machi napanda tena, na napanda chini sana jua isiifikie maana nilidhani ndiyo inaichoma. Iko kwa kivuli ya mwembe siku nzima. Sasa nikisoma hapa naona kila kitu ni kinyume. Kuna njia ya kuirudisha ama ndiyo basi?

tanga_milimani

Inarudi kijani254, usikate tamaa. Tena kama inatoa majani mazuri kila msimu basi kitunguu kizima, kinachokosa ni nguvu ya ziada ya kutoa ua.

Kila ukiing'oa mizizi inakatika, ikiamka inatumia chakula ilichoweka kutengeneza mizizi mipya badala ya ua. Iache sehemu moja. Ua hili linapenda kubanwa kwenye chungu, likijaa mpaka kitunguu kinakaribia ukingo ndio linatoa vizuri, na kubadilisha udongo fanya baada ya miaka mitatu minne, mwishoni mwa usingizi kabla mizizi haijaanza, sio katikati ya msimu.

Kina nacho ni shida. Kitunguu kikae shingo ikiwa usawa wa udongo au ichungulie kidogo tu. Ukizamisha chini sana nguvu inaishia njiani, na udongo ukiwa mzito kama ule mweusi wa mfinyanzi ulioko sehemu nyingi za Nairobi ndio kabisa, mvua ya Aprili ikija maji yanasimama. Changanya na mchanga wa mto na mboji, chini weka kokoto na hakikisha chungu kina tundu linalopitisha maji.

Na mwembe ni kivuli kizito mno. Porini linakaa chini ya miti ndio, ila miti ile inapitisha mwanga, na mingine inakuwa bado haijajaza majani mvua zinapoanza. Lipe jua la asubuhi mpaka saa nne hivi, halafu kivuli chepesi mchana. Majani yake ni mapana na laini, jua la saa saba linayababua kweli, kwa hiyo hofu yako ilikuwa na msingi.

Msimu ujao huenda ukapata majani tu tena, wa baada ya hapo ndio utegemee ua.

kijani254

Asante sana mkubwa. Naihamisha upande wa mashariki ya nyumba hii wikendi kabla iamke.

afisa_mifugo_dom

Naona swali la sumu limepitwa na mimi naliona ndilo la kwanza kujibiwa. Mama wawili, ni kweli lina sumu, sio maneno ya watu. Haya maua yote ya ukoo huu, pamoja na lile lili kubwa jeupe na jekundu la vitunguu tunalopanda mbele ya nyumba, yana kemikali zinazoitwa alkaloidi, inayojulikana zaidi ni likorini, na sehemu yenye nyingi ni kitunguu. Sehemu kadhaa za Afrika mimea ya jamii hii imewahi kutumika kwenye sumu ya mishale na ya kuvulia samaki, kwa hiyo wazee walilijua hili siku nyingi. Mbuzi na kondoo wakila wanadhurika. Mbuzi mzoefu wa eneo mara nyingi analiruka jani lake, ila kiangazi malisho yakikauka na kibichi ni hicho tu barazani kwako, usimwamini. Ziba, weka wavu.

Kwa mtoto, fanya hivi leo, usingoje. Hivyo vitunda vinavyoiva vyekundu vitoe vyote, maana vinang'aa na vipo usawa wa macho ya mtoto anayetambaa, ndivyo vitakavyomvuta. Chungu kinyanyue kiwe juu asipofika au kizungushie wavu wa kuku. Ukishika kitunguu au ukikata chochote vaa glavu, utomvu unawasha ngozi za watu wengine, na unawe mikono kabla hujamshika mtoto au kuingia jikoni. Na hili nalisema kwa kila mtu aliyeko humu, vitunguu vya maua msiviweke kabisa jikoni wala stoo ya chakula karibu na vitunguu maji. Vinafanana, na msichana wa kazi mgeni au mgeni yeyote anaweza kukata akatia kwenye mchuzi.

Mtoto akila, dalili ni mate mengi, kichefuchefu, kutapika, tumbo na kuharisha. Usimlazimishe kutapika, usimpe maziwa kwa kudhani yanaondoa sumu, mtoe mabaki mdomoni mpeleke hospitali na ubebe kipande cha mmea wakione.

Kingine watu wanachanganya. Kuna ua jingine la mvua linaloparamia, petali zake zimepinda kwenda juu, nyekundu zenye ukingo wa njano, Gloriosa superba, ndilo ua la taifa la Zimbabwe. Hilo chini lina viazi, na sumu yake ni kolchisini, hiyo ni hatari kupita kiasi, watu wamekufa kwa kula kile kiazi wakidhani ni kiazi kikuu au kiazi kingine cha porini. Yote mawili yapo huku kwetu, yote yanatoka mvua zikianza na yote wauza miche wanayaita lili ya moto. Kama nyumbani kuna watoto wadogo la kuparamia mimi ningekushauri usilipande kwa sasa.

mama_wawili_kimara

Jamani nimeshtuka. Vitunda nimevitoa na glavu za kufulia, vipo juu ya kabati kwenye kopo lenye mfuniko. Nivitupe au vinaota?

mkulima_songea

Usitupe kabisa!! Hiyo ni mali. Mimi maua yangu yote hapa Songea nimeyatoa kwenye mbegu, sijanunua kitunguu tena tangu nilipopata la kwanza.

Subiri viwe vyekundu vyote, vilivyobaki na kijani viache humo kwenye kopo mfuniko wazi vitaiva. Vaa glavu, minya tunda moja moja, ndani utakuta mbegu, mara nyingi moja, wakati mwingine mbili au tatu, nyeupe ya maziwa inayoelekea kijani, mviringo, ngumu, saizi ya njegere. Ile nyama nyekundu isafishe yote kwa maji ya vuguvugu mpaka mbegu isiteleze, maana nyama ikibaki inaota ukungu na inachelewesha kuota. Halafu panda siku hiyo hiyo au kesho yake. Hizi sio mbegu za kukausha ukaweka kwenye bahasha, ikikauka imekufa, kwa hiyo mtu akikuuzia mbegu kavu za hili ua usinunue.

Kupanda ni juu juu tu. Chukua trei au hata ndoo ya rangi iliyokatwa na kutobolewa chini, jaza mchanga na mboji iliyochekechwa nusu kwa nusu, lowesha, halafu bonyeza mbegu izame nusu, nusu iwe nje unaiona. Usifukie. Weka kivulini penye joto, udongo uwe na unyevu muda wote ila usiogelee. Baada ya wiki kadhaa utaona inatoa kitu cheupe kinene kinainama kwenda kwenye udongo, usikiguse, hicho ndio kinashuka na kwenye ncha yake kinavimba kinakuwa kitunguu kidogo sana, jani la kwanza linatokea hapo sio kwenye mbegu. Watu wengi wanatupa trei kwa sababu wanaona muda unapita hakuna jani wakati chini kazi imeshaanza.

Miche midogo tofauti na mama yake. Mwaka wa kwanza usiilazimishe kulala, ikiwa na jani endelea kumwagilia hata kiangazi, ikiliangusha yenyewe punguza maji lakini usikaushe kabisa maana kitunguu chenyewe hakina akiba. Kutoka mbegu mpaka ua ni miaka mitatu mpaka mitano, inategemea na chakula na mwanga. Ni mingi ndio, lakini ukipanda kila mwaka ukishafika wa nne kila masika una yanayotoa.

Na dada nikuongezee, msisome kalenda ya mtu wa mkoa mwingine mkaona yenu yamechelewa. Huku kwetu Songea, na Iringa na Mbeya hivyo hivyo, mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba mpaka Aprili, kwa hiyo maua yetu yanatoka Novemba Desemba wakati Dar na Tanga mengi yanasubiri masika ya mwezi wa tatu. Ua halijui tarehe, linajua kiangazi kimeisha.

fundi_umeme_moro

Mbona mnajitesa jamani miaka mitano ya nini, huku ukipanda mlimani tu mvua ikianza yamejaa, unaenda na jembe unarudi na gunia. Mwenye kuhitaji aseme nimletee.

tanga_milimani

Ndugu yangu fundi, hapa naomba nikukatalie kwa nguvu zote na bila ugomvi.

Kwanza kwenye msitu wa hifadhi huruhusiwi kutoa mmea bila kibali, sheria ya misitu ya 2002 ipo. Hilo moja. Lakini hata pasipo na hifadhi fikiria hesabu aliyoisema wa Songea hapo juu, mbegu mpaka ua miaka mitatu mpaka mitano kwa anayemwagilia na kuweka mboji, porini bila mboji ni zaidi. Wewe unapiga jembe mchana mmoja. Mteremko ambao masika yote ulikuwa mwekundu unabaki mashimo, na kwa sababu umechukua yaliyo makubwa yenye ua, hakuna wa kuangusha mbegu. Nimeiona sehemu ya namna hiyo karibu na barabara huku kwetu, nilipokuwa mtoto tulikuwa tunapita hapo kwenda shule na leo hakuna hata moja, juu zaidi ambako gari haifiki bado yapo.

Ni kweli aina hii haijawa adimu, ina bahati kwamba inaota karibu Afrika yote kusini mwa Sahara na inavuka mpaka Yemen na kusini magharibi mwa Saudia. Lakini angalia kilichotokea kwa ua jingine la Usambara hii hii. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, von Saint Paul, aliliona huku lile ua dogo la zambarau, likapelekwa Ujerumani, ndiyo Saintpaulia, leo limo madirishani dunia nzima. Na huku kwenye miamba yake, misitu inavyokatwa, baadhi ya aina zake zimebaki sehemu chache sana na zimo hatarini kutoweka. Kwa hiyo tusipime utajiri wa ua kwa kuwa limejaa mijini.

Kama uko milimani na yapo karibu yako, una bahati kuliko sisi wote. Nje ya hifadhi, na kwa ruhusa ya mwenye shamba, chukua matunda machache yaliyoiva, mengi waachie ndege na nyani wanaosambaza, panda nyumbani. Baada ya miaka michache utatuuzia miche na tutanunua, mimi wa kwanza.

fundi_umeme_moro

Sawa mkuu nimekuelewa, sikuwahi kufikiria upande wa mbegu. Nitajaribu hiyo ya ndoo.

mswahili_bremen

Salamu kutoka Ujerumani. Nimefurahi kuona watu wanalizungumzia kwa Kiswahili, mimi ni mtu wa Mombasa na ninalo huku Bremen dirishani. Wapwani na jamaa wenzangu mlioko Ulaya au Marekani mnaosoma, hili ua linawezekana kabisa hata kwenye baridi ila ndani ya nyumba, baridi ya kugandisha inaliua.

Huku linauzwa kitunguu kikavu kila mwaka majira ya baridi yakiisha, mengi yanatoka Uholanzi. Napanda mwezi wa nne kwenye chungu kidogo tu, maji kiasi mpaka nione ncha, ua linakuja kwenye kiangazi cha huku, mwezi wa sita au wa saba. Majani nayalea mpaka Septemba, Oktoba nasimamisha maji, likishakauka chungu chote nakipeleka chumba ambacho hita haiwashwi sana, nyuzi 13 mpaka 15 hivi, nakiacha humo mpaka mwezi wa tatu. Likilala halihitaji mwanga. Chini ya nyuzi 10 usiliweke. Mnaoishi vyumba vyenye hita kali angalieni vile vidudu vyeupe vya unga unga vinavyojificha kwenye mikunjo ya majani, mimi navifuta na pamba yenye spiriti.

Na tafadhali, msiwaombe wazazi wawabebee vitunguu kwenye begi. Tangu tarehe 14 Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unataka cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila mmea hai unaoingia kutoka nje, vitunguu na mbegu zikiwemo, abiria naye hana msamaha. Kenya cheti kinatolewa na KEPHIS, Tanzania ni TPHPA. Bila hicho wanachukua uwanjani, na mama yako anasimamishwa kuhojiwa kwa ajili ya ua ambalo hapa unalipata dukani.

mkulima_songea

Umenikumbusha wadudu. Sisi huku adui ni viwavi weusi wenye mabaka ya njano na meupe, wanakuja usiku kwenye majani ya maua ya ukoo huu, wanaanza kwenye jani wanashuka mpaka kwenye kitunguu na wanakitoboa. Ukiona jani limebaki ngozi nyembamba inayopitisha mwanga geuza upande wa chini utawakuta wamekusanyana. Mimi nawatoa kwa mkono na glavu asubuhi mapema, mvua zikianza nakagua kila siku. Na konokono wakubwa, wale ni usiku na tochi.

mama_wawili_kimara

Wadau sina cha kuwalipa. Mbuzi nimeshaongea na jirani na baba watoto kaweka wavu. Mbegu nimesafisha leo zimetoka nyingi kuliko nilivyodhani, nimezipanda juu juu kama alivyosema wa Songea, trei ipo juu ya tangi la maji kwenye kivuli cha paa mtoto hafiki. Swali la mwisho, masika likitoa ua naweza kulikata niweke ndani kwenye chombo cha maji au nikikata naliua? Mama mkwe alilitamani sana.

tanga_milimani

Kata bila wasiwasi, kijiti cha ua sio jani, kukikata hakupunguzii kitunguu chochote, tena unakiokolea nguvu ya kutengeneza matunda. Kata asubuhi likiwa limefunguka nusu, kisu kikali, karibu na udongo, usiguse majani. Badilisha maji kila siku mbili litakaa wiki nzima. Vaa glavu, na maji ya chombo umwage mbali na mtoto. Ila ukitaka mbegu za kumpa fundi wa Morogoro kama kwake hazitaota, usilikate, liache kwenye chungu mpaka matunda yaive.